Mzee Aliyetaka Kusimuliwa Muvi

Nikiwaambia washikaji nyumbani kwamba Guangzhou, China, nilikuwa nafanya kazi na mtunzi wa muziki wa filamu, tena Mfaransa, wanadhani nilikuwa natoka na suti asubuhi. Bukta. Nilikuwa navaa bukta na kandambili, napanda ngazi mpaka ghorofa ya sita kwenye jengo lisilo na lifti, Sanyuanli, mwezi wa tatu ule ambao kuta zinatoka jasho na ukiegemea tu shati linaloa mgongoni. Mimi nimetoka kufunga marobota ya watu kwenye kago, ofisi ya kusafirisha mizigo, tangu asubuhi, mabega hayapo. Yeye mabega yake yalishaondoka miaka mingi. Tunakaa chini, kila mtu na glasi yake ya maji ya moto, anaweka mapajani kile kinanda chake kidogo cha kupuliza kwa mdomo, anafumba macho.

"Haya DJ. Anza."

Naanza kuongea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi: kumsimulia muvi mtu ambaye muvi hataki kuiangalia.

Watu wananibishia hapa. "Anatungaje muziki wa filamu bila kuiona filamu? Alikuwa kipofu?" Hakuwa kipofu. Alikuwa anaona mende akipita upande wa pili wa chumba. Ni kwamba mama yake alikuwa msafishaji wa jumba la sinema kwenye kamji fulani huko Ufaransa, na akienda kazini alikuwa anamwacha mtoto nyuma ya pazia, kule kwenye ndoo na kamba. Kwa hiyo Mzee amekua anasikia sinema nzimanzima na haoni kitu, anaona mwanga tu unacheza upande wa pili wa kitambaa. Siku alipopata hela ya tiketi akaingia kwa mlango wa mbele kama binadamu, akakuta ile sinema aliyoipenda kwa masikio, watu wake ni wadogo, sura za kawaida, wanatembea hovyo. Alitoka amekasirika. Tangu siku hiyo akasema picha ina kelele. Ukiiangalia kabla hujatunga, muziki wako utakuwa unaifuatafuata nyuma kama mbwa.

Kusoma muziki hajasoma popote. Alikuwa fundi wa mabomba yale ya kupasha nyumba joto. Anagonga bomba, anasikiliza, anajua limeziba wapi, na hukohuko akaanza kugonga mabomba mawili, matatu, akapata kitu. Noti hajui hata moja. Alikuwa anapuliza, anaimba, anarekodi juu yake, anarekodi tena juu yake, mpaka inasimama. Sasa kule kwao, ukishaimba inabidi mwenye kujua noti aandike ili wapiga vyombo wasome, na filamu ikitoka, jina linalopanda kwenye skrini ni la aliyeandika. Filamu za viwanda, filamu za ng'ombe, za wapenzi, nyingi tu. Muziki wake, jina la mwingine.

Nilipolisikia hili mara ya kwanza niligonga meza mpaka maji yakamwagika.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuwa na mabomba ya kutengeneza," akasema.

"Mzee, wewe ni mpole kijinga."

"Ndiyo. Futa maji."

Aliyekuwa anamsimulia filamu miaka yote ile ni mke wake, Mchina, mtu wa Guangzhou palepale, walikutana Ufaransa alipokwenda kusoma. Yule mama anatazama, halafu jioni anakaa na mumewe jikoni anamweleza. Walipozeeka wakarudi mjini kwao, mama akafundisha Kifaransa, akaugua, akafariki. Mzee akabaki kwenye chumba cha Sanyuanli katikati ya Waafrika na maboksi. Nilimuuliza kwa nini hakurudi kwao. Akafikiria kidogo.

"Kuhama kunachosha."

Alivyonipata mimi ni hivi. Nilikuwa kwenye ngazi za jengo, Jumapili, umeme umekatika kwenye korido yetu, chumbani joto, kwa hiyo tumekaa pale mimi, Mkongo niliyekuwa napanga naye chumba, na vijana wengine wawili wa kago. Nikawa nawasimulia muvi. Siyo kuwasimulia kawaida. Mimi kwetu Mbagala, Dar, nilikuwa DJ wa muvi za kutafsiri kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Kwa asiyeijua hii kazi: unakaa pembeni ya televisheni na maiki, muvi ya Kikorea inatembea, na wewe unaongea juu yake kwa Kiswahili, kila mhusika, na maelezo, na utani, na kumtukana adui. Kikorea sijui. Kihindi sijui. Kiingereza wakati huo nilikuwa nakijua kwa kukisikia tu. Na zote nilizitafsiri, na watu walikuwa wanalia. Sheria ni moja: DJ hanyamazi. Wakibusiana ongea, wakilala ongea, gari likipita tu barabarani hakuna kitu, wewe tafuta kitu. Ukikaa kimya benchi zinaanza kupigwa miguu na mtu anapaza sauti, "We DJ umekufa?"

Basi niko kwenye ngazi, nimefika pale jambazi anapanda juu ya paa, mlango wa juu ukafunguka. Mzungu mzee, fulana nyeupe, amesimama. Tukajua tumemchosha na kelele. Mimi nikajiandaa kumjibu vibaya, maana siku hiyo sikuwa na hamu ya kuambiwa na mtu. Akaongea Kifaransa na Mkongo. Mkongo akacheka.

"Anasemaje?"

"Papa anasema mbona umenyamaza? Amesimama mlangoni tangu mwanzo. Anataka kujua yule wa juu ya paa anafanyaje."

"Amejuaje kuna paa? Anajua Kiswahili?"

Mkongo akamuuliza. Mzee akanionyesha kwa kidole, kisha akapandisha mkono polepole, juu, juu, akautetemesha. Sauti yangu ilikuwa imepanda hivyo.

Kesho yake nilipopita mlangoni kwake nikamwambia shikamoo, nikamfundisha kujibu marahaba, na alikuwa anaisema vizuri kuliko vijana wengi wa siku hizi. Hapo ndipo tulipoanza.

Tulikuwa tunasimulia mara mbili. Kwanza kwa Kiingereza, kile kibovu cha Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, ambacho wote tulikuwa nacho, mimi cha kuuliza bei, yeye cha kujifunza uzeeni. Hapo nampa habari tu: nani, wapi, kimetokea nini. Halafu anasema, "Sasa kwa lugha yako." Hapo naachia. Nasimama, natembea chumba kizima, natoa sauti zote. Yeye haelewi neno hata moja na kinanda kinaanza kutafuta. Anapuliza kidogo, anaacha, anapuliza. Nikichoka na yeye anachoka. Tumefanya hivyo kwa vifilamu vya wanafunzi, tangazo moja la viatu, na kipindi kimoja cha watu wanaofuga samaki.

Halafu ikaja filamu ya kweli. Dairekta alikuwa dada mmoja wa hapo mjini, mwanafunzi wa zamani wa marehemu mke wa Mzee. Mzee alikuwa anamwita mtoto, yeye anamwita Mzee laoshi, yaani mwalimu, kwa heshima ya mkewe. Filamu inahusu mama mmoja muuza jinzi za jumla kule soko la Liuhua, siku yake ya mwisho kabla hajafunga duka. Hamna mapenzi, hamna bastola. Mimi mwenyewe nilipoiangalia mara ya kwanza nikajiambia hii Mbagala wangevunja televisheni. Lakini dairekta alimwahidi Mzee kitu kimoja mbele yangu, chumbani humo: muziki wote ni wake, na mwisho wa filamu jina litakalopanda kwenye neno muziki ni lake peke yake.

Mzee alisimama akaenda kuchemsha maji. Birika lilianza kupiga filimbi na yeye amesimama palepale pembeni yake, halizimi. Nikanyanyuka nikalizima mimi. Sauti nyembamba zilikuwa zimeshamtoka, hasikii tena filimbi, hasikii ndege, hasikii simu ikiita. Alinikamata nikimwangalia.

"Bado za chini ninazo," akasema. "Hii moja nitamaliza."

Kwa hiyo nilijua, na dairekta alijua: baada ya hii hamna nyingine. Ama jina lake lipande hapa ama halipandi kabisa.

Tulifanya kazi wiki nyingi. Naingia na harufu ya gundi ya solotepu mikononi, najitupa kwenye kiti, naongea mpaka koo linakauka. Kuna siku nilisinzia katikati ya sentensi, na Mzee naye alikuwa amesinzia kabla yangu.

Karibu na mwisho wa filamu kuna sehemu. Mama amemaliza kufungasha, amekaa juu ya robota. Basi. Kamera imesimama. Dakika kama tatu hakuna mtu anayesema kitu. Kwa Kiingereza nilimwambia Mzee, "Amekaa." Kisha akasema sasa kwa lugha yako, na mimi, dakika tatu? Mimi nikae dakika tatu kimya? Nikamtengenezea yule mama mtoto. Mtoto wake wa kiume yuko mbali, alisema atakuja kumsaidia kubeba, hajaja, na mama anaangalia kila anayepita kwenye korido labda ni yeye. Nikamliza yule mtoto njiani, nikamrudisha, nikamkosesha basi. Niliongea kama niko na maiki. Mzee alianza kupuliza nikiwa katikati na hakuacha nilipomaliza.

Ule muziki. Sijui nisemeje, mimi si mtu wa maneno ya muziki. Ulikuwa wa chini sana, kama mtu anavuta kitu kizito sakafuni na hataki kuamsha watu. Akaweka na bomba la maji la bafuni, alilipiga kwa kiganja. Aliporudisha rekodi nyuma tukausikiliza wote wawili, nilitoka nje kwenye ngazi, nikamwambia naenda kuvuta sigara. Sivuti sigara.

Tukatuma kazi yote. Jibu la dairekta likaja: amependa, amependa kila kitu, isipokuwa pale mama amekaa juu ya robota. Pale hataki muziki. Pale pabaki kimya.

Mzee alisoma, akavua miwani. "Nitafikiria," akasema, akaenda kulala kidogo.

Mimi sikufikiria. Mori ulinipanda kuanzia miguuni. Nikachukua simu yangu, nikamrekodia yule dada meseji ya sauti, nikachanganya Kiingereza, Kichina cha sokoni na Kiswahili cha kwetu. Nikamwambia wewe mtoto wa juzi unajua nini, huyu mzee wamemla jina lake maisha mazima na wewe unakuja kukata kipande ambacho ndicho kizuri kuliko filamu yako yote. Nikamalizia, "Bu xing! Umenisikia? Bu xing!" Yaani haiwezekani. Ni neno ambalo kila laoban mwenye duka amenirushia usoni tangu nifike nchi ile, na nilifurahi sana kupata wa kumrushia na mimi.

Siku zikapita. Halafu akamwandikia Mzee, siyo mimi: kwamba anamheshimu sana laoshi, lakini filamu inatakiwa iwe tayari, na kama hawaelewani labda ni bora atafute mtunzi mwingine.

Mzee alinionyesha simu, akaanza kukunja nyaya zake. Anazikunja vizuri, moja moja, kama mtu anayekunja nguo za safari.

"Unafanya nini?"

"Nakunja nyaya."

"Mzee, pigana!"

"Wewe umeshapigana. Unaona tulipofika."

"Kwa hiyo kosa langu? Mimi nakutetea, halafu kosa langu?"

"Sijasema kosa. Nimesema nimechoka, DJ. Mwambie achukue mwingine. Nina mabega, nina masikio, vyote vinauma."

"Na jina?"

Akaendelea kukunja. "Limekaa bila kuandikwa muda mrefu. Limezoea."

Hapo nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Nikapiga mlango nikatoka. Mkongo alikuwa kwenye ngazi anakula, akanitazama ninavyoshuka.

"Unakwenda wapi na hiyo sura?"

"Liuhua. Kwa dairekta."

"Kaka, oga kwanza. Utafungwa."

Sikuoga. Chumba chake cha kukatia filamu kilikuwa nyuma ya jengo la viatu vya jumla, ghorofa ya pili, unapita kwenye maboksi na watu wanaokusukuma na matoroli wakipiga kelele upishe. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa nimepanga mpaka pale pa kugonga meza.

Akafungua mwenyewe. Kadada kafupi, nywele zimekatwa kama za mvulana, macho mekundu ya kutolala, mkononi kibakuli cha plastiki cha tambi. Akanitazama juu mpaka chini kwenye kandambili.

"Wewe ndiye Bu xing?"

"Ndiye mimi."

"Nimekusikiliza mara tatu. Kati kuna sehemu ndefu sikuielewa. Ilikuwa matusi?"

"Kiswahili."

"Matusi?"

"Kidogo."

"Kaa. Usiguse kitu, una mikono michafu."

Nikakaa. Ile hotuba ikapotea, maana ni ngumu kumgombeza mtu anayekula. Akaweka ile sehemu bila muziki. Mama anaingia, anakaa juu ya robota, na mimi mdomo ukaanza wenyewe, "Unaona hapa anamsubiri mtoto wake..."

"Mtoto gani?"

"Yule wa kiume."

"Hana mtoto. Hakuna mtoto kwenye filamu yangu."

"Nimemweka mimi."

Akasimamisha picha. Aliniangalia muda, tambi ziko njiani hazijafika mdomoni. Halafu akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka, hewa tu inatoka puani.

"Kwa hiyo laoshi amemlilia mtoto wako."

"Ametunga muziki mzuri!"

"Mzuri sana. Wa mtoto wako. Sasa funga mdomo, angalia mama yangu."

"Mama yako?"

"Wa filamu. Nyamaza."

Akaanza tena. Niliuma ulimi kabisa, nasema kweli. Sauti iliyokuwepo ni ya soko tu: solotepu ikilia kwa mbali, magurudumu ya toroli, geti la duka la jirani likishushwa. Mama amekaa. Akavua kiatu kimoja. Akaanza kujikanda mguu, kwenye unyayo, kwa dole gumba, kwa nguvu, huku anaangalia ukuta. Akaweka mguu chini bila kiatu, kwenye sakafu ya baridi, akauacha pale. Baadaye akavaa. Hapo sehemu imekwisha.

Nilikuwa nimeshaiona ile sehemu mara nyingi. Kiatu sikuwahi kukiona. Ninapofika pale huwa nimeshaanza kuongea, na mtu anayeongea anaangalia maneno yake. Na ule mguu mimi naujua. Kila siku nikitoka kago nafanya vilevile kwenye ngazi za Sanyuanli kabla sijaanza kupanda.

Sikupenda. Sikupenda hata kidogo kwamba yule dada yuko sahihi, na sikumwambia.

"Unampa mtunzi mwingine?" nikauliza.

"Sitaki mwingine. Mke wake alinifundisha miaka minne. Lakini siwezi kubishana na mtu anayenitukana kwa lugha nisiyoijua." Akaweka kibakuli chini. "Mwambie laoshi namsubiri. Muziki wote wake, jina lake. Pale mama amekaa, kimya. Na wewe meseji za sauti usinitumie tena maishani."

"Naweza kuandika?"

"Toka."

Nilirudi kwa miguu, sijui kwa nini, treni zipo. Kama ningemwambia tu Mzee kwamba dada amekubali ukitoa kipande, angesema sawa, angetoa, na angekuwa ametoa kwa sababu amechoka. Hivyo sikutaka. Miaka yote ametoa kwa sababu amechoka.

Nilimkuta amekaa, nyaya zote zimekunjwa, zimepangwa kitandani. Nikamwambia shikamoo. Marahaba. Nikamwambia ashike kinanda. Akashika.

Kwa Kiingereza nikasema: "Amekaa juu ya robota. Anavua kiatu. Anakanda mguu. Anavaa kiatu."

"Kiatu hukuniambia."

"Sasa nimekuambia."

"Haya. Kwa lugha yako."

Nikasimama katikati ya chumba kama kawaida yangu. Nikasema, "Mama amekaa." Nikanyamaza. Ilikuwa mbaya. Nilisikia benchi zote za Mbagala. Kuta zinatoka jasho, Mkongo chini anaimba, jirani anakohoa, na mimi nimesimama na mikono yangu sijui niiweke wapi. Nikasema, "Amevua kiatu." Nikanyamaza tena. Mzee alikuwa na kinanda mdomoni, tayari, mashavu yamejaa hewa kidogo. Nikangoja. Hewa ikatoka bila sauti. Akakishusha.

"Umemwondoa yule mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Uliyekuwa unamsubiri siku ile. Kulikuwa na mtu anakuja, anarudi, anakuja."

"Ulijua? Mzee, ulijua naongeza?"

"DJ, sijui lugha yako. Lakini 'amekaa' haichukui dakika tatu kwa lugha yoyote."

"Sasa mbona hukunikatiza?"

Akafuta mdomo wa kinanda kwa fulana yake, taratibu, upande huu na upande ule.

"Mke wangu akifika mahali kama pale alikuwa ananyamaza. Anamenya kitunguu, ananyamaza, najua hapo hapawekwi kitu. Wewe hukunyamaza. Na humu ndani mtu alikuwa hajaongea muda mrefu namna ile." Akanyanyua mabega, yale yasiyokuwepo. "Nikapuliza. Ule muziki si wa yule mama muuza jinzi. Nilijua tangu siku ile. Yule mtoto mwenye filamu ana haki ya kuukataa."

"Sasa mbona ulituma?"

"Kwa sababu ni mzuri," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana hasira kidogo. Hasira ndogo tu, ya kizee, ikapita. "Mpigie. Hapana, siyo wewe, mimi nitampigia."

Alipiga mwenyewe. Alisema maneno machache ya Kichina na mengi ya Kifaransa. Akatoa kipande, akakiweka kwenye kompyuta yake pembeni bila kukipa hata jina, na hakuweka kitu mahali pake. Ile sehemu nyingine inayofuata akairudia yote, maana alisema baada ya kimya muziki hauwezi kuingia na viatu. Tulikaa siku kadhaa kwa hiyo moja. Mimi nilikuwa naongea kidogo. Nilichoka zaidi kuliko nilipokuwa naongea sana.

Filamu ilipomalizika dairekta akatuita Liuhua mchana mmoja tuione kabla haijakwenda kwa wengine. Mzee alishuka ngazi zile ghorofa sita akipumzika kila kona, nimembebea begi, anasema anajua kubeba begi, simpi. Pale chumbani akageuza kiti, akakaa ameipa skrini mgongo. Dairekta akanitazama. Nikamwambia mwache, ndivyo alivyo. Akamwacha.

Ilipofika ile sehemu nilimwangalia Mzee na siyo filamu. Solotepu inalia, ile sauti nyembamba, najua haisikii. Toroli analisikia. Geti analisikia. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono magotini, na kile kimya kilipokwisha na muziki wake ukaingia, mdogo, bila viatu kama alivyosema, akatikisa kichwa mara moja. Sijui alikuwa anakubali nini.

Mwisho dairekta akamgusa bega. "Laoshi, geuka. Majina."

Akageuka. Majina yanapanda, yote kwa herufi za Kichina, yanakimbia. Mzee anakodoa macho.

"Langu lipi?"

Mimi Kichina sijui kusoma. Nikamwangalia dairekta. Akasimamisha picha, akanyanyuka, akaweka kidole kwenye skrini. Alama tatu, peke yake kwenye mstari.

Mzee akasogeza kiti karibu kabisa, mpaka mwanga ukamwangukia usoni. Akaangalia.

"Ni fupi," akasema.

"Ndivyo linavyoandikwa. Mke wako ndiye aliyelichagua. Alikuwa anatuandikia ubaoni akitaka kukusema darasani."

"Alikuwa ananisema?"

"Kila wiki."

"Vibaya?"

"Kidogo," akasema dairekta, na akanitazama mimi.

Mzee akakaa pale na zile alama zake tatu, dairekta hakuendesha filamu mbele, na mimi, Mungu ananiona, sikusema kitu. Mwishowe akasema twende, miguu inamuuma. Kwenye teksi ya kurudi Sanyuanli nikashindwa tena. Nikamwambia Mzee, mimi nakubali kila kitu, dada ana akili, mama ana mguu, sawa, lakini ule muziki ulikuwa bora kuliko filamu nzima na nitasema hivyo mpaka nife. Nilieleza kwa Kiingereza, nikaeleza na kwa Kiswahili, nikamgeukia ili anijibu.

Alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo. Nikaendelea kumweleza dereva.